Elevata ya kahawa Moshi, vyuo viwili vya nchi mbili, na maksi ambazo kiwanda hakikuulizwa

Kila tukikaa wahandisi wa huku kaskazini mada ya vyuo na viwanda inaishia palepale, chuo kinasema viwanda havitaki wanafunzi, kiwanda kinasema wanafunzi hawajui hata kushika spana, na kikitajwa chuo cha nje basi stori ni picha za watu wanasaini makubaliano. Hakuna anayeweka mezani kisa kimoja kilichoanza kikaisha tukakikagua chote. Kwahiyo nakiweka hiki. Nilikuwa ndani yake upande wa kiwanda, mimi ni mhandisi wa mitambo nakaa Arusha nafanya matengenezo kwa mkataba, na kiwanda chenyewe ni cha kukoboa kahawa, kipo Moshi. Majina ya kiwanda, ya chuo cha Arusha na ya chuo cha Ujerumani nayaacha, vijana waliohusika wana maisha yao mbele na sitaki mtu aanze kuwatafuta.

Hali ilikuwa hivi. Chuo cha Arusha na hicho cha Ujerumani, ni vile vyuo vyao vya sayansi tumizi ambavyo vingi mwanafunzi anakaa kazini semista nzima kabla ya kumaliza, walikubaliana wanafunzi wafanye mradi mmoja kwa pamoja. Wanne wa huku, diploma mwaka wa mwisho, na wanne wa kule wa digrii. Wakutane mtandaoni kila wiki, wale wa huku wafanye fildi yao ya wiki nane hapo kiwandani kuanzia Julai, wa kule waje Septemba kwasababu ndo likizo yao kati ya semista mbili, na tatizo la kufanyia kazi litoke kiwandani. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana, na mi nasema kwa moyo mmoja wazo lilikuwa zuri.

Tatizo lilikuwepo na lilikuwa la kweli. Kahawa ya Kilimanjaro inafika kiwandani ikiwa pachimenti, yaani imeshamenywa, imechachushwa na kukaushwa ila bado ina ganda lake jembamba, inamwagwa kwenye hopa, inashuka kwa geti mpaka kwenye shimo, na pale inapandishwa juu na elevata ya ndoo kwenda kwenye mashine ya kukoboa. Elevata ni kitu rahisi, mkanda mrefu uliosimama umefungwa ndoo, puli moja juu yenye mota na giaboksi, puli nyingine chini shimoni. Sasa hii ya kwetu ilikuwa inaziba. Kahawa inajaa chini kuliko ndoo zinavyochota, ndoo zinaanza kuchimba kwenye lundo, mkanda unateleza kwenye puli ya juu, mota inavuta umeme mwingi mpaka ovalodi inakata, laini nzima inasimama. Vijana wa kiwanda wanafungua mlango wa chini wanaanza kuzoa kwa mikono kwenye vumbi lile. Wanamaliza, unawasha, kesho yake inaziba tena. Na sio usumbufu wa muda tu, mkanda unaoteleza kwenye puli unatengeneza joto na vumbi la ganda la kahawa linawaka, ndo maana Marekani sheria yao ya usalama wa maghala ya nafaka inataka elevata za ndoo ziwe na kifaa kinachozima mashine mkanda ukipungua kasi kwa asilimia 20. Yetu haikuwa nacho.

Basi mada ya mradi ikaandikwa na walimu wa pande mbili kwa barua pepe, kiwanda kikatumiwa nakala ikiwa imekamilika. Kichwa chake kilikuwa cha kufuatilia afya ya elevata kwa sensa za mtetemo na joto, data iende kwenye seva kupitia intaneti, kompyuta ijifunze yenyewe kutabiri lini itaharibika. Meneja alisoma akaniuliza swali moja, "Injinia, hii itazuia isizibe?" Nikamwambia ukweli, kwamba hii itatuambia kitu fulani kuhusu kuziba. Akasaini kwasababu barua ilitoka kwa mkuu wa chuo na huku kwetu barua ya namna hiyo huikatai.

Hapo ndo tatizo la kwanza lilipoanzia, na sio kwamba walimu ni watu wabaya. Mwalimu wa kule ana semista ya kujaza na mada lazima iwe na kipimo cha digrii. Mwalimu wa huku ana fomu inayosema mradi wa mwaka wa mwisho lazima utoe kifaa. Wote wawili waliangalia fomu zao, na kiwanda hakina fomu. Kiwanda kilichukuliwa kama ukumbi wa sherehe, unafagiliwa, unapambwa, sherehe ikiisha watu wanaondoka na mwenye ukumbi hajui hata bibi harusi alikuwa nani.

La pili lilikuwa kalenda, na hili naomba nilichimbe kwasababu nadhani ndo linaua mambo mengi huku kwetu bila watu kuona. Kahawa ya huku inavunwa kuanzia kama Julai mpaka mwisho wa mwaka, kwahiyo kiwanda kinaanza kuwaka moto mwezi ule ule ambao vyuo vyetu vinatoa wanafunzi fildi. Julai, Agosti, Septemba malori yanapanga foleni, kila saa mashine ikisimama kuna mtu anapiga simu, na hakuna meneja duniani atakayekuruhusu ufungue giaboksi ili wanafunzi waone meno yake. Mwanafunzi anakuja wakati mashine zote zimefungwa na zinazunguka, anachoona ni kelele na vumbi. Muda ambao mashine zimelala wazi, mkanda umeshushwa chini, beringi zimetolewa, shafti ziko kwenye lezi karakana, ni Machi mpaka Mei, msimu umeisha na masika imeanza. Ule ndo wakati wa shule hasa, pale kijana anaweza kushika kila kitu kwa mkono wake na fundi ana nafasi ya kumweleza. Na muda huo wanafunzi wako darasani Arusha wanasoma nadharia ya beringi. Barabara ya Arusha kwenda Moshi ni kama kilomita 80 tu, unapanda Kosta asubuhi unafika kabla jua halijawa kali, lakini kwa kalenda ni mbali kuliko Ujerumani.

Wajerumani nao wana yao, semista ya kiangazi inaisha Julai na ya baridi inaanza Oktoba, kwahiyo Septemba ndo ulikuwa mwezi pekee. Vyuo viwili vikatafuta siku zinazoingiliana vikazipata, wakafurahi, na kalenda ya tatu ambayo ni ya kahawa haikuwekwa mezani na mtu yeyote. Angeulizwa hata mlinzi wa getini angewaambia Septemba sio mwezi wa kufungua mashine.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ndo imenifanya niandike.

Kati ya wale wanne wa Arusha kulikuwa na binti mmoja, nitamuita dada wa vitabu kwasababu ndivyo mafundi walivyomuita. Wenzake waliposubiri sensa zifike kutoka Ujerumani, na zilikuwa zinakuja kwenye mabegi ya wanafunzi Septemba kwahiyo Julai na Agosti hakukuwa na cha kufunga, yeye alikaa karakana hana kazi. Fundi mkuu akamuonea huruma akampa daftari la matengenezo, lile ambalo kila mashine ikisimama wanaandika saa, sababu na nani alirekebisha, akamwambia mwanangu nakili hili kwenye kompyuta litatusaidia. Akanakili. Alipomaliza akaomba na kitabu cha mapokezi, kule ambapo kila mzigo wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ukifika unapimwa uzito na unyevu kwa mita kabla ya kumwagwa. Hivi vitabu viwili viko majengo tofauti, watu tofauti, na tangu nianze kazi pale sijawahi kuona mtu kaviweka pamoja. Mimi mwenyewe cha karakana ndo nilikuwa nakijua.

Yeye akaviweka pamoja, tarehe kwa tarehe. Akaanza kuona kwamba siku nyingi za kuziba zinafuata siku ambazo mzigo wenye unyevu mkubwa umepokelewa na mzigo mkavu ukamwagwa juu yake kwenye hopa ileile. Kahawa inatakiwa ikaushwe ifike kama asilimia 11 au 12, hata Shirika la Kimataifa la Kahawa kwenye azimio lake namba 420 la 2004 liliweka kiwango cha kahawa ya kuuza nje kati ya asilimia 8 na 12.5. Mwanzo wa msimu wakulima wana haraka ya hela na mawingu ya mlimani hayasaidii, mzigo wenye unyevu unakuja na unapokelewa ili ukaanikwe tena ila ukibanwa na foleni unaingia. Pachimenti yenye unyevu haitiririki vizuri, kwahiyo kijana wa getini anafungua geti zaidi ili elevata isikose chakula. Halafu ule mzigo mkavu wa juu unafika getini, geti liko wazi vilevile, unaporomoka kama maji, shimo linajaa kwa dakika chache. Mkanda nao boliti zake za kukazia zilikuwa zimeliwa na kutu zimekwama kwahiyo ulikuwa umelegea, unateleza mapema kuliko unavyotakiwa.

Kwahiyo sababu ilikuwa mchanganyiko wa geti, mpangilio wa mizigo kwenye hopa na mkanda uliolegea. Mota ilikuwa nzima, giaboksi nzima. Sensa ya mtetemo ingekaa pale miaka miwili ingekuonyesha tu kwamba elevata imeziba, kitu ambacho kelele zinakuambia bila sensa.

Na hapa niwe wa haki kwa Wajerumani, wale vijana wa kule hawakuwa wakaidi hata kidogo. Yule dada alitupa jedwali lake kwenye kundi la WhatsApp jioni moja na kijana mmoja wa kule akakesha nalo, akachora grafu ya unyevu wa mzigo uliotangulia na mzigo uliofuata, akaonyesha kwamba tofauti kati ya mizigo miwili ndo inaongea kuliko unyevu wenyewe. Ile hatua sisi wa huku hatukuwa tumeifikia, tulikuwa tunalaumu kahawa yenye maji peke yake. Yaani mmoja alikuwa na macho pale kiwandani na mwingine alikuwa na hesabu, na jibu likapatikana bila hata mmoja wao kupanda ndege. Mtu akiniuliza faida ya nchi mbili kusomesha wahandisi pamoja namuonyesha ile grafu.

Walipofika Septemba na mabegi yao, mradi ulikuwa umeshageuka wenyewe. Sensa za mtetemo tukazifunga kwasababu zimeshakuja, ila kazi hasa ilikuwa kufunga sensa moja ndogo ya kuhesabu mizunguko kwenye shafti ya puli ya chini, ile ambayo inaona boliti ikipita inatoa mpigo, na rilei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe kwa umeme, inayopiga king'ora kasi ikishuka kidogo na kuzima kabisa ikishuka sana. Vitu vyote vilipatikana kwenye maduka ya umeme Arusha. Seva na intaneti tukaachana navyo, kule shimoni mtandao haushiki na umeme ukikatika kila kitu kinaanza upya. Geti likachorwa alama tatu za rangi kwa mizigo ya aina tatu na mapokezi wakaanza kuandika unyevu kwenye karatasi inayosafiri na mzigo mpaka hopani. Elevata haikuacha kuziba kabisa kwasababu mkanda usingeweza kukazwa vizuri katikati ya msimu, ila iliziba mara chache na ikiziba king'ora kinalia kabla shimo halijajaa, kijana anafunga geti, dakika kumi mnaendelea. Meneja aliyekuwa ananiuliza swali moja akaanza kuniuliza mengi, na hiyo kwangu ni dalili nzuri.

Sasa njoo kwenye maksi.

Upande wa Ujerumani yule kijana wa grafu alipewa 1.3, na kwa wasiojua kule moja ndo juu kabisa na tano ni kufeli. Walimu wake waliandika kwamba kutafuta chanzo cha tatizo kwa data ya kiwanda ndo uhandisi wenyewe. Upande wa Arusha jopo lilimuuliza dada wa vitabu kifaa kiko wapi, umebuni nini. Akaonyesha king'ora. Wakasema hicho ni cha kikundi, wewe binafsi umetengeneza nini. Akaonyesha jedwali lake. Akapewa C. Kazi ileile, jedwali lilelile ambalo bila hilo hakuna grafu ya mtu.

Mimi niliumia na sifichi. Ila nikikaa nikifikiria sidhani jopo lilikuwa na roho mbaya, jopo lilifuata fomu na fomu inasema kifaa. Tatizo ni kwamba kwenye chumba kile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuzoa kahawa kwenye lile shimo. Sisi wa kiwandani tulikuwa tumejaza karatasi moja ya chuo yenye visanduku vya nidhamu, mahudhurio, usafi na ushirikiano, tukapiga muhuri, basi. Hakuna kisanduku kinachouliza huyu ametatua nini. Na hata kingekuwepo, uzito wa ile karatasi kwenye maksi za fildi ni mdogo sana, kikubwa ni logibuku, ripoti, na mwalimu aliyekuja kutembelea akakaa nusu saa. Kiwanda kisipokuwa na sauti kwenye maksi mwanafunzi mwenye akili anajua amfanyie kazi nani, atamfanyia anayempa maksi, na mashine itabaki inaziba.

Watu wakisikia hivi wanasema basi tuige Ujerumani moja kwa moja. Inabidi tuelewe wenzetu wanafanya nini kwanza. Ule mfumo wao wa jimbo la Baden-Württemberg, wa kusoma na kufanya kazi kwa zamu, ulianza Stuttgart 1972, kampuni kama Daimler-Benz na Bosch ndo ziliusukuma, na tangu 2009 una hadhi ya chuo cha elimu ya juu. Pale kampuni ndo inamchagua mwanafunzi kwanza, inampa mkataba na mshahara wa kila mwezi, anakaa kama miezi mitatu chuoni na mitatu kazini akibadilishana mpaka amalize. Kampuni inayomlipa kijana mshahara lazima itataka kujua anasoma nini na itakaa kwenye meza ya mtaala. Kwetu ni kinyume, chuo kinamchagua mwanafunzi, halafu mwanafunzi anazunguka na bahasha kwenye viwanda vya Arusha, Njiro, Unga Limited, Themi, anavuka mpaka Boma Ng'ombe na Moshi anaomba nafasi ya fildi kama anaomba msaada. Ukiiga jina la mfumo bila kugeuza mlango wa kuingilia hujaiga kitu.

Na wazo lenyewe wala halikuanzia kwa Wajerumani, Herman Schneider alilianzisha Chuo Kikuu cha Cincinnati Marekani mwaka 1906 na wanafunzi 27. Kitu ninachokipenda kwenye ule mpango wake ni kwamba wanafunzi walipangwa wawiliwawili, wiki hii mmoja yuko darasani mwenzake yuko kiwandani, wiki ijayo wanabadilishana, kwahiyo ile nafasi kiwandani haikai wazi. Mwenye kiwanda anapata mfanyakazi mmoja kamili mwaka mzima. Angalia alivyofikiria upande wa kiwanda kwanza. Sisi tunampelekea meneja wanafunzi wanane wiki nane wakati ana moto kichwani halafu tunashangaa anasema nafasi zimejaa.

Kuna jambo la hela ambalo meneja wetu alinitupia na sikuwa na jibu la kumfurahisha. Alisema mi nalipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi kwenye mishahara ya watu wangu, ile SDL, kwanini tena nimlipe mwanafunzi nauli na chakula? Na ana hoja, mwajiri mwenye watu kumi na zaidi anailipa, mwaka 2023 ilishuka kutoka asilimia 4 kuja 3.5 lakini bado kwake ni mzigo, na anachoona ni hela inatoka hairudi pale kwake kwa sura yoyote. Mi naamini kama sehemu ya ile tozo ingerudi kama unafuu kwa kiwanda kinachokaa na wanafunzi kwa mpango unaokaguliwa, mazungumzo mengi ya huku yangebadilika. Hiyo ni juu ya wakubwa, naitaja tu maana kwenye kisa hiki nauli ya wanafunzi wa Arusha ililipwa na wazazi wao, wakati wenzao tiketi za ndege zililipiwa na mfuko wa chuo chao, na wale vijana walikuwa wanakula chakula cha mchana pamoja wakijua hilo.

Lingine la haraka, umiliki wa matokeo. Makubaliano yalisema matokeo ni ya vyuo viwili. Kitabu cha mapokezi kinaonyesha AMCOS gani inaleta kahawa yenye unyevu na hiyo inagusa malipo ya wakulima, kwahiyo meneja aliposikia ripoti itawekwa kwenye maktaba ya Ujerumani akasimamisha kila kitu siku kadhaa. Tukamaliza kwa kubadilisha majina kuwa herufi. Ingeandikwa mwanzoni isingetupotezea hizo siku, ila nani angeiandika wakati kiwanda hakikuwepo mezani?

Krediti nazo zilitusumbua na ni jambo ambalo vyuo vyote vya Afrika Mashariki vitakutana nalo. Kwetu krediti moja inahesabiwa saa 10 za kujifunza na mwaka ni krediti 120. Ulaya krediti moja ni saa 25 mpaka 30 na mwaka ni 60. Kwahiyo mradi uleule kwao ulionekana una krediti chache na kwetu nyingi, na mtu wa usajili Arusha akidhani wale wamefanya kidogo. Ni hesabu ya darasa la saba ila ilichukua barua nyingi. Na tukumbuke bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilishasaini makubaliano ya kutambuana tangu 2012, mhandisi aliyesajiliwa Dar anaweza kutambuliwa Nairobi. Lakini hayo ni ya mhandisi aliyekwisha sajiliwa. Wiki za fildi za mwanafunzi, kule anakojifunzia kazi kwa mara ya kwanza, hayo makubaliano hayazigusi.

Kinachonipa moyo, na hapa nataka wahandisi wenzangu wanisikilize, ni kwamba dawa tunayo wenyewe na tumekuwa nayo tangu 2003. ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, ina ule mpango wa SEAP, mhitimu wa uhandisi anakaa miaka mitatu chini ya mhandisi mwenye uzoefu, anajaza taarifa za kazi alizofanya, na yule mhandisi anayemsimamia anaandika tathmini inayohesabika kwenye usajili wake. Mimi nimesimamia vijana wa SEAP. Nikiandika kwamba huyu bado hajui kusoma mchoro, neno langu lina uzito, na kijana anajua lina uzito, kwahiyo anakuja kuniuliza. Sasa kwanini neno langu liwe na uzito kwa mhitimu na lisiwe na uzito kwa mwanafunzi wa fildi wa kiwanda kilekile? Hatuhitaji ndege ya kwenda Stuttgart kujifunza hili. Tunahitaji kulishusha chini, liingie kwenye diploma na digrii kabla kijana hajamaliza.

Na huku kwetu sio wageni wa mambo haya. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, Tanelec ya transfoma ikaja 1981, TEMDO na CAMARTEC, taasisi za kubuni mashine na zana za kilimo, ziko hapahapa mjini, na kule Kikuletwa wilayani Hai chuo hicho cha ufundi kilianza kujenga kituo cha mafunzo ya nishati kwenye mtambo wa zamani wa umeme wa maji chini ya EASTRIP, mpango wa Benki ya Dunia kwa Tanzania, Kenya na Ethiopia. Mwanafunzi anayesomea mtambo wa maji akiwa amesimama juu ya mtambo wenyewe, hiyo naiunga mkono asilimia mia. Kisa changu hakihusu chuo hicho, nakitaja kwasababu majengo na mashine tunavyo, ila utaratibu wa nani anakaa mezani ndo bado.

Baada ya ile C nilikaa na meneja tukaandika barua kwa chuo cha Arusha, nakala Ujerumani. Tuliomba vitu vinavyohusiana. Mada ya mwaka unaofuata iandikwe pale kiwandani, fundi mkuu akiwepo, na itoke kwenye daftari la matengenezo. Wanafunzi wa huku waje kwa mafungu mawili, wiki chache Aprili mashine zikiwa wazi na wiki zilizobaki Agosti wazione zikizunguka, na wa Ujerumani waingie mtandaoni ile Aprili kwasababu semista yao ya kiangazi inakuwa imeshaanza. Na kiwanda kitoe asilimia 30 ya maksi, kwa fomu inayouliza mwanafunzi aligundua nini, alirekebisha nini, na fundi anaweza kumwachia afanye kazi gani bila kumsimamia.

Wajerumani walijibu upesi wakakubali yote, wakaongeza kwamba wanataka fundi mkuu awe kwenye kikao cha tathmini kwa Zoom na mkalimani. Mzee alipoambiwa alinyamaza kidogo akauliza atavaa nini. Chuo cha Arusha kilikubali mada na kilikubali Aprili kwa majaribio, mkuu wa idara alipigania sana na namshukuru. Kwenye asilimia 30 walisema suala liende bodi ya taaluma kwasababu linagusa mtaala, na wametupa 10 kwa kuanzia wakisubiri. Mi nimemwambia meneja tuchukue hiyo 10, tuijaze vizuri kwa maneno ya kueleweka, kila mwanafunzi ukurasa mzima, ili bodi ikikaa iwe na kitu cha kusoma.

Ile C ya dada wa vitabu haikubadilishwa, muda wa rufaa ulikuwa umepita. Kiwanda kilimpa barua inayoeleza alichofanya, mstari kwa mstari, na amepata kazi ya mkataba msimu huu kwenye mapokezi na karakana, yeye ndo anavisoma vile vitabu viwili kila asubuhi. Boliti za kukazia mkanda tumebadilisha. Kilichobaki ni bima. Aprili wanafunzi wataingia shimoni kushusha mkanda kwa mikono yao, chuo kinasema bima yake ni ya chuoni, kiwanda kinasema yake ni ya waajiriwa, na mpaka hilo liandikwe na mtu asaini sitamruhusu kijana hata mmoja kushuka ngazi ile.